Ukweni wamezuia mwili wa mke wangu hadi nimalize mahari. Nilipe avoka (wakili) au nilipe mahari?

Ndugu wa safu ya ushauri,

Mke wangu alifariki hospitalini hapa Lubumbashi siku 12 zilizopita, baada ya kupasuliwa. Tumekaa miaka 9, tuna watoto 3. Faktire (hesabu ya madai) ya mahari ilikuwa dola 1,500 na mbuzi 2. Nilitoa dola 800 kupitia shibukombe (mshenga), wakwe wakapokea, wakaandika kwenye daftari, wakanipa mke. Baadaye tuliandikisha ndoa komini (ofisi ya manispaa).

Siku ya tatu ya kilio, mjomba wake alifika kutoka Kolwezi. Yeye na kaka mkubwa wa marehemu, anayekaa Ruashi hapahapa Lubumbashi, walipeleka barua kwa mkurugenzi wa hospitali kwamba mwili usitoke. Wanadai dola 700 zilizobaki, mbuzi 2, dola 400 za faini eti hatukuwaambia mapema kwamba dada yao anapasuliwa, na malipo ya kutosha lufu (mila ya kumtakasa aliyefiwa) ambayo hata hawajataja ni kiasi gani. Nisipolipa, wanasema watamchukua wakamzike Kolwezi.

Michango ya kilio ilifika dola 1,400. Hospitali inanidai bado dola 640, na chumba cha maiti ni dola 15 kwa siku. Avoka mmoja anataka dola 1,200 zote mkononi kabla hajaandika chochote. Mtu mwingine tuliyekutana naye tribinali anasema nimpe dola 300 "afungue dosie" (faili ya kesi). Binamu yangu anasema niende parke (kwa waendesha mashtaka) nikaseme wamemloga dada yao, watakamatwa na mwili utatoka. Na kuna mtu wa banki lamberi (mkopeshaji wa riba wa mtaani) ambaye yuko tayari kunipa dola 1,000 leo, nirudishe 1,400 mwisho wa mwezi, aweke rehani karatasi za parseli (kiwanja) yangu.

Watoto wananiuliza mama atazikwa lini. Nifanye nini, na kwa gharama gani?

Baba wa watoto 3, Katuba

*

Pole sana, baba, wewe na watoto. Tunakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Usikope kwa lamberi. Usitoe zile dola 300. Usimpe mtu yeyote dola 1,200 kwa mkupuo. Parke usiende. Ketini na ukweni kwa maandishi, ukipe kikao hicho siku 3, na ndani ya siku hizohizo andaa hati za tribinali, ili siku ya 4 ikifika bila sahihi zao, kesi iingie siku hiyohiyo.

Kwa nini siku 3? Fanya hesabu ya fedha ulizonazo. Chumba cha maiti tayari kimefika dola 180. Ukijumlisha na deni la hospitali ni dola 820, na kwenye michango zinabaki 580 za sanduku, kaburi, gari na chakula cha watu wa kilio. Sasa weka kesi ya kawaida juu yake. Tuseme imechukua wiki 6, bila mtu yeyote kuichelewesha kwa makusudi: hizo ni dola 630 za chumba cha maiti. Hukumu ikitoka, aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa, na kama hukumu haikuandikwa namna tutakayokueleza chini, siku hizo nazo zinakula dola 450. Jumla 1,080, na bado hujamlipa avoka. Kesi iliyoendeshwa vibaya itakugharimu karibu sawa na faini na mahari vikijumlishwa, hata kabla ya avoka, na pesa nyingi haziendi kwa tribinali wala kwa avoka. Zinaliwa na siku.

Upande wa sheria umesimama vizuri kuliko unavyodhani. Code de la famille, sheria ya familia ya Kongo (RDC) ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mahari iwe imetolewa angalau kwa sehemu kabla ya ndoa kufungwa. Haisemi lazima iishe. Ulitoa dola 800, wakapokea, wakakukabidhi mke, mkaandikisha komini: wewe ni mume mbele ya sheria, na zile 700 ni deni. Deni hudaiwa kama deni. Mwili wa binadamu hauwekwi rehani kwa ajili yake. Tena Katiba, kifungu cha 153, inawaruhusu mahakimu kutumia mila pale tu ambapo haipingani na utaratibu wa umma wala na maadili mema. Kwa hiyo mjomba ana haki ya kusikilizwa, ana haki ya kuheshimiwa, lakini hana haki ya kumfanya marehemu dhamana.

Leo hii nenda komini mlikoandikishia ndoa, uombe nakala ya acte de mariage (cheti cha ndoa). Usingoje kuipata kwenye sanduku la nyumbani. Karatasi hii moja inapunguza gharama kuliko avoka yeyote, kwa sababu bila hiyo kikao cha kwanza cha tribinali kitaishia kwenye swali la kama ulikuwa mume au rafiki tu. (Msomaji ambaye alitoa mahari lakini hakuandikisha ndoa: utalazimika kuthibitisha ndoa kwa mashahidi, kwa daftari la mahari na kwa shibukombe, na kesi yako itakuwa ndefu zaidi. Nendeni mkaandikishe mngali wazima wote wawili.)

Halafu hospitali. Barua ya ukweni ni barua ya watu, si amri ya hakimu. Hospitali inaiogopa kwa sababu haitaki kumpa huyu mwili leo na kesho ishtakiwe na yule. Usigombane na mlinzi wa chumba cha maiti, hana uwezo wa kuamua. Andika barua fupi kwa mkurugenzi: taja jina la marehemu, tarehe alipoingizwa chumba cha maiti, kwamba wewe ni mume, ambatisha kopi ya acte de mariage na certificat de décès ya daktari (uthibitisho wa kifo), na uliza jambo moja tu: ni karatasi gani hospitali itaipokea ili itoe mwili? Makubaliano yaliyosainiwa na pande mbili mbele ya bourgmestre (mkuu wa komini)? Hukumu? Peleka kopi mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Omba pia kopi ya barua ya pingamizi, kwa sababu majina na sahihi zilizomo ndizo zitakazoamua utamshitaki nani na wapi.

Kikao na ukweni kifanywe na watu watatu: shibukombe aliyepeleka mahari, mzee mmoja wa upande wako asiyepaza sauti, na bourgmestre au chef de quartier (mkuu wa mtaa) kama shahidi. Kwa wenzetu wanaohesabu ukoo upande wa mama, mjomba ndiye msemaji. Makubaliano yatakayosainiwa na baba wa marehemu au kaka peke yake yatavunjwa jioni ileile mjomba akisema hakuulizwa. Kwa hiyo sahihi ya mjomba ndiyo unayoitafuta, na usimtumie kijana kumwita. Shibukombe aende mwenyewe.

Cha kuwapa? Kubali deni la mahari waziwazi, maana ni kweli unadaiwa, na kulikana mbele ya wazee kunawakasirisha hata wale waliokuwa upande wako. Toa sehemu sasa, tuseme dola 150 au 200 na mbuzi 1, iliyobaki iandikwe kwa miezi. Kuhusu faini ya dola 400, tusemavyo sisi ni hivi: omba radhi, usilipe. Kosa la kutowaambia ni la adabu, linaponywa kwa kuomba msamaha mbele ya watu, na ukilipa faini isiyo na msingi utakuwa umefungua mlango wa nyingine. Kutosha lufu hufanywa baada ya kuzika. Waambie hilo litazungumzwa kwa wakati wake, na wakitaje kiasi kabla hamjaachana. Kama bado hawataki, toa jambo ambalo halina bei na mara nyingi ndilo wanalotaka: mwili upite kwanza nyumbani kwa kaka Ruashi, mama mzazi akae karibu na sanduku, mjomba aseme neno la mwisho kaburini.

Makubaliano yenyewe hayahitaji avoka. Yanahitaji maneno yasiyo na pande mbili. Mfano wa sehemu inayosahaulika:

«Sisi tuliosaini hapa chini, tunaondoa pingamizi letu la tarehe … lililopelekwa hospitalini, na tunakubali mwili wa marehemu … ukabidhiwe kwa mume wake … tarehe …, saa 3 asubuhi, ili azikwe Lubumbashi siku hiyohiyo. Mume anakubali kwamba bado anadaiwa mahari ya dola … na mbuzi …, atakayolipa kwa mafungu yafuatayo: … Kutolipwa kwa fungu lolote hakutazuia wala kuchelewesha mazishi.»

Sentensi ya kwanza ndiyo hospitali inayoitafuta. Makubaliano mengi hukataliwa dirishani kwa sababu yanasema "tumepatana" bila kusema pingamizi limeondolewa. Sentensi ya mwisho inazuia mtu kubadilika asubuhi ya kutoa mwili. Kila aliyesaini barua ya pingamizi asaini na hapa, kwa jina lilelile lililo kwenye kadi yake ya mpiga kura, kopi za kadi ziambatishwe. Toeni nakala 4: yako, yao, ya hospitali, ya komini. Na pesa utakazotoa ziandikwe kwenye karatasi hiyo, zisiishie mkononi mwa mtu.

Ikishindikana hadi siku ya 4, ni tribinali, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha kwa sababu ya mambo madogo.

Mashauri ya familia yamo mikononi mwa Tribunal de paix (tribinali ya ngazi ya chini), kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ya mpangilio wa mahakama. Kesi hufunguliwa mahali anapokaa mshtakiwa. Ukimshitaki mjomba peke yake, ana haki ya kusema apelekwe Kolwezi, na utakuwa umelipa gharama bure. Lakini wakiwa washtakiwa kadhaa, wewe unachagua tribinali ya mmoja wao. Ndiyo maana kaka wa Ruashi, aliyesaini barua ileile, lazima awe kwenye hati ya kwanza. Uliza grefe (ofisi ya karani wa tribinali) ipi inahudumia komini yake. Usiandike kwamba unashitaki "familia fulani": familia haina sahihi wala anwani, na avoka wao ataiangusha kesi kwa sentensi moja. Andika majina ya watu wawili, kila mmoja na anwani yake.

Muda wa kawaida kati ya kupelekewa hati na kufika mbele ya hakimu ni siku 8 kamili, bila kuhesabu siku ya kupokea wala siku ya kufika, na huongezwa siku 1 kwa kila kilomita 100. Kaka akipokea tarehe 3, mapema kabisa ni tarehe 12. Kwa mjomba wa Kolwezi, karibu kilomita 300, ongeza siku 3. Huna sababu ya kungoja zote: kabla ya kupeleka hati, andikia rais wa tribinali ombi la kufupisha muda, requête en abréviation de délai, uambatishe certificat de décès, acte de mariage, barua ya pingamizi na faktire ya chumba cha maiti inayoonyesha dola 15 kwa siku. Eleza kwamba mwili unaharibika, umeme unakatika, deni linapanda kila asubuhi. Akikubali, hutoa ordonnance (amri) yenye tarehe ya karibu, na huisie (mpeleka hati wa tribinali) huipeleka pamoja na hati ya kuitwa. Huisie akikosea tarehe au asipokikuta kibandiko cha anwani, kesi inaahirishwa. Mpe mtu wa kumwonyesha nyumba.

Hospitali nayo iitwe kwenye kesi hiyohiyo, kwa intervention forcée. Huilaumu wala huidai kitu. Unataka tu hukumu iifunge. Isipoitwa, itakuambia kwa haki kabisa kwamba hukumu ni kati yako na mjomba, na utarudi kulipia hati nyingine.

Maombi yako yawe machache. Uruhusiwe kuchukua na kuzika mwili Lubumbashi. Hospitali iutoe ikionyeshwa hukumu. Na la tatu, ambalo bila hilo hayo mawili hayana faida: hukumu itekelezwe mara moja hata rufaa ikikatwa, yaani exécution provisoire, na sur minute, bila kungoja nakala rasmi kuandikwa. Hakimu husita kulitoa kwa sababu mtu akishazikwa hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo avoka aeleze kwa nini kungoja kunaumiza zaidi. Upande wa pili unaweza kwenda Tribunal de grande instance (tribinali ya juu yake) kuomba utekelezaji usimamishwe. Wahi hospitalini hukumu ikitoka.

Fidia usiombe. Inawezekana kisheria, lakini inarefusha kesi, inaongeza malipo ya serikali, na kuikusanya kwa mzee wa Kolwezi kutakugharimu kuliko itakavyokuletea. Watoto wako bado watahitaji huyo mjomba.

Sasa malipo. Ya tribinali ni haya: fedha za awali zinazowekwa grefe ili kesi iandikishwe, kazi ya huisie kwa kila mtu anayepelekewa hati, na mwishoni nakala ya hukumu. Kila moja ina karatasi yake na risiti. Mtu anayetaka dola 300 mkononi hana karatasi, na ukimlipa, dosie yako bado haijafunguliwa. Kama huna uwezo, omba komini au huduma ya jamii ikupe attestation d'indigence (karatasi ya kutojiweza), uipeleke kwa rais wa tribinali. Anaweza kukuondolea malipo ya awali.

Kwa avoka, ukitaka kujua kama ni avoka kweli, uliza Barreau (chama cha maavoka) ya Haut-Katanga kama jina lake limo kwenye orodha. Barreau ina pia ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, anzia hapo. Mbele ya Tribunal de paix unaweza kusimama mwenyewe, au ukamchukua défenseur judiciaire (mtetezi wa mahakamani asiye avoka), ambaye mara nyingi hudai kidogo. Ukimchukua avoka, mwandikiane: fungu la kwanza akiwasilisha ombi la kufupisha muda, la pili siku ya kusikilizwa, la tatu mwili ukitoka. Mafungu matatu sawa, nauli ndani yake, risiti kila mara. Na elewa hili kabla hujasaini: hata ukishinda, anayeshindwa huhukumiwa gharama za tribinali, si mshahara wa avoka wako. Hizo hazirudi.

Kuhusu ushauri wa binamu yako: ukitamka parke kwamba kuna aliyeua au aliyeloga, unafungua jambo lingine kabisa. Magistra wa parke akiona kifo kina mashaka anaweza kuamuru mwili uchunguzwe, na tangu hapo hautoki bila ruhusa yake, hata ukweni wakikubali. Na kumtuhumu mtu bila ushahidi ni kosa lenyewe. Hali kadhalika kuuchukua mwili usiku kwa mlango wa nyuma: kaburi linaweza kufukuliwa kwa amri, na wewe ukaingia ndani.

Deni la hospitali ni jambo la pembeni lakini litakuzuia mlangoni hata ukiwa na hukumu. Nenda huduma ya jamii ya hospitali sasa, si siku ya kutoa mwili. Lipa sehemu, labda dola 340, saini acte d'engagement (ahadi ya kulipa) ya 300 zilizobaki kwa miezi 3, na mdhamini mwenye kazi. Omba faktire mbili: moja ya matibabu, nyingine ya chumba cha maiti. Zikichanganywa, siku zilizosababishwa na pingamizi hazionekani, na huna cha kumwonyesha hakimu wala cha kuombea punguzo.

Siku ya kutoa mwili beba certificat de décès, permis d'inhumation (kibali cha kuzika) ya komini, makubaliano au hukumu, risiti za hospitali na kadi yako. Aliyesaini daftari siku mwili ulipoingia naye awepo. Kabla sanduku halijafungwa, mtu wa familia mwenye moyo mgumu asome kibandiko kilicho mkononi au mguuni, alinganishe na daftari, aangalie na uso. Baada ya mazishi rudi komini kwa acte de décès, utoe nakala kadhaa: watoto wataombwa shuleni, na kama marehemu alikuwa na kazi, mwajiri hatafungua mazungumzo ya décompte final (malipo ya mwisho ya kazi) bila hiyo.